Kuku wa Mwokaji

Nyumba ya mdogo wangu ina ukungu wake. Si wa mvua wala wa moshi, ni wa unga. Mdogo wangu ni mwokaji mikate, na chumba cha tanuri kimeshikana ukuta na sebule, kwa hiyo unga unapita chini ya mlango, unapita kwenye tundu la ufunguo, unatua juu ya redio, juu ya viatu, juu ya kope za watu. Mchana, jua likiingia dirishani kwa pembeni, unauona umesimama hewani haujaamua kama upande au utue. Nilikuwa naweza kukaa mkekani nikautazama mpaka nikasahau nilichokuwa nafanya. Hasara haikuwapo, maana mara nyingi nilikuwa sifanyi kitu.

Mimi ndiye mkubwa, lakini ukubwa wangu uliishia kwenye kuzaliwa. Yeye ana nyumba, ana mke, ana tanuri na ana jina mtaani. Mimi nina begi. Mke wake ananiita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na kila nikitokea mlangoni huwa ananipokea kwa kelele.

"Haya, Kiguu! Umekuja au unapita?"

"Napita, shemeji."

"Basi pitia jikoni, hiyo njaa yako naisikia kutoka barabarani."

Safari hii niliingia, nikatua begi, nikasubiri kelele zangu. Shemeji alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Aligeuza uso akanitazama begani, kama vile mimi nimesimama kando yangu mwenyewe.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi wako wengi. Sema jina au ondoka."

Niliposogea ndipo nikaona macho yake yamefifia, meupe kwa ndani, kama vioo vya madirisha ya nyumba ile. Nilidhani ni unga. Kidogo nimwambie ajifute.

"Mtoto wa jicho," mdogo wangu aliniambia tulipokuwa uani. "Macho yote mawili. Na juu yake kuna sukari."

Akanieleza. Daktari wa macho alikuwa amekuja mjini, daktari wa kuja na kuondoka, angekuwepo mpaka mvua zianze. Alisema kulipasua jicho la shemeji si kazi kubwa, mtu anaingia asubuhi na jioni yuko kwake. Ila hatagusa kitu mpaka sukari ishuke na itulie. Akipasua sukari ikiwa juu, kidonda kinaweza kisipone, na jicho likaenda moja kwa moja.

"Na mvua zikianza?"

Mdogo wangu akaangalia mawingu, akaangalia chini.

Basi ndivyo wanga ulivyofukuzwa kwenye nyumba ya mwokaji. Nesi wa zahanati ya mtaani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza gwaride, alikuwa amekuja akasimama katikati ya sebule na kutaja vyote ambavyo shemeji asiguse: mkate, wali, viazi, muhogo, tambi, uji. Kila alipotaja kimoja, mdogo wangu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa majina ya marehemu.

"Sasa ale nini, Nesi? Hewa?"

"Ale kuku. Ale mayai, ale mboga. Wewe si una mikono? Mpikie."

Akampikia. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa hajui kingine ila donge la unga na moto, alijifunza kuku kama kijana anavyojifunza kupanda baiskeli, kwa kuanguka. Kila siku mikate ikishauzika na tanuri likibaki na joto lake la mwisho, anaingia jikoni na kuku wake. Ndimu, vitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga. Kabichi anaikata nyembamba mno, anaikaanga kidogo tu, anaipanga sahanini pale ambapo zamani ungekaa wali. Na kuku anakuja juu yake, ngozi ya rangi ya dhahabu, ukiigonga kwa kijiko inajibu. Mchuzi ulikuwa mzito, unatembea polepole ukizunguka kabichi kama mtu mwenye nafasi. Shemeji aliunywa kwa kijiko mpaka mwisho, halafu anapitisha kidole.

"Mwanamume huyu," alikuwa ananiambia, "ameniposa kwa mkate, na sasa ananiposa upya kwa kuku."

Nimekula kuku nchi nyingi. Nakiri sijala kama yule.

Lakini sukari haikushuka.

Nesi alikuja asubuhi na kimashine chake, akamtoboa shemeji kidole, akasubiri, akasonya.

"Mama, unakula mkate."

"Sili."

"Mama."

"Nimekwambia sili! Muulize Kiguu. Muulize mume wangu."

"Mimi sina haja ya kuwauliza. Kimashine hiki hakina shemeji wala wifi, kinasema kinachokiona."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sikupenda namna alivyomtazama mkewe. Jioni ile nilimwona akija na kufuli jipya, analitia kwenye kabati la mikate na kuujaribu ufunguo. Ilikuwa sauti ndogo tu, *ta*, lakini kwa mtu asiyeona vizuri masikio ndiyo macho.

"Unafunga nini?" shemeji aliuliza kutoka sebuleni.

"Panya," mdogo wangu akasema.

"Panya wa miguu mingapi?"

Hakuna aliyecheka. Kuanzia hapo walizungumza kama wapangaji. Chumvi iko wapi, maji yamechemka, kuku tayari. Na yeye akazidi kumpikia, tena kwa bidii zaidi, kuku wa kupendeza zaidi, na nilimwona anamtazama mkewe akila, anamtazama kwa upendo na kwa shaka, vyote katika uso mmoja.

Siku moja mchana, mwokaji akiwa tanurini, shemeji aliniita kwa sauti ya chini.

"Kiguu. Sogea. Karibu zaidi, sing'ati." Nikasogea. "Wewe umelala sehemu nyingi. Umewahi kuona mtu anaamka, anatembea, na bado amelala?"

"Nimewaona. Kwenye kambi moja ya vibarua alikuwepo dereva mmoja aliyekuwa anaamka na kukojoa kwenye viatu vya bosi. Asubuhi hakumbuki."

"Una hakika hakumbuki?"

"Hicho ndicho bosi naye alikuwa anauliza."

Alicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika.

"Mimi naota mkate," akasema. "Kila mchana nikijinyoosha. Naingia kwenye nyumba, kuta zake mkate, naegemea ukuta unabonyea, una joto. Siumegi. Naweka tu mdomo ukutani, navuta, unaingia wenyewe, laini. Nikiamka bado nina ladha hapa, kwenye ulimi. Kiguu, labda si ndoto. Labda naamka naenda kabatini."

"Kabati lina kufuli."

"Na kabla ya kufuli? Na mikate iliyo mezani kule tanurini? Mashine haina sababu ya kunionea." Vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukingo wa kiti. "Naliogopa hili jicho, lakini jicho ni jicho. Mimi mwenyewe ndiye ninayejiogopesha. Mchana wa leo nilale, wewe nilinde. Nikiinuka nishike mkono unirudishe. Usimwambie yeye."

Nilikubali. Kazi ya kutazama mtu aliyelala ndiyo kazi pekee niliyopata kuona inanifaa.

Akajinyoosha kitandani, mlango wazi. Nami nikakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, upande ule wenye tanuri, ambako ukuta una joto kama ubavu wa ng'ombe. Nyumba ilinyamaza. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kitu mbali sana, akipiga, akiacha, akipiga tena, kama anajaribu kukumbuka. Unga ulikuwa umesimama kwenye jua. Nikautazama.

Nikamwona anainuka. Hakuweka miguu chini, au aliiweka lakini sakafu haikusema kitu. Alikuwa kijana, kama siku mdogo wangu alipomleta mara ya kwanza, na nywele zake zilikuwa na unga kama za bibi. Akapita mbele yangu akanusa, akatabasamu, akasukuma mlango wa ujia unaokwenda tanurini. Nilitaka kunyoosha mkono. Mkono wangu ulikuwa mbali, mwishoni mwa barabara ndefu, na mimi ndiyo kwanza naanza safari ya kuufuata. Huko ndani nikasikia ukoko unavunjika, sauti ile tamu kavu, na mtu akivuta pumzi kama aliyetoka kuoga.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehama kutoka redioni mpaka kwenye mguu wa meza. Shemeji alikuwa kitandani, ubavu uleule, mdomo wazi kidogo.

Niseme nini? Nilimwona na sikumwona. Mlinzi mzima nimelala kazini, na nimeota ndoto ya yule ninayemlinda. Nikajizoa, nikaenda kwenye ule ujia wa tanurini, nikafungua mlango polepole.

Ujia ule hupigwa na unga kutwa. Kila baada ya kuoka mdogo wangu anaufagia, na ukishafagiwa hauchukui muda, unajitandika tena mweupe, laini, kama shuka. Nikainama. Nyayo zilikuwepo. Kubwa, kisigino cha kulia kimepinda nje, za mdogo wangu tangu akiwa mtoto. Zimeenda, zimerudi. Za mtu mwingine hakuna. Hata kidole kimoja cha mwanamke hakuna. Paka angepita ningemjua.

Nikarudi nikamwamsha.

"Hujatoka," nikamwambia. "Ujia una unga mzima, hujaukanyaga. Ulikuwa hapa hapa."

Aliinua mikono akafunika uso. Nilidhani analia, kumbe anashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua ndoo.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

"Basi inatoka wapi? Ndotoni?"

"Kama ndoto ingepandisha sukari, shemeji, mimi ningekuwa nimekwisha kuzikwa. Naota asali kila nikila maharage."

Lakini swali lilikaa pale sebuleni, halikuondoka na mzaha wangu. Na mchana uliofuata shemeji hakutaka kulala hata baada ya kuambiwa si yeye. Unga wa sakafuni ulimtetea siku moja tu, alisema, nani atamtetea kesho? Akakaa kitini amejikaza, kichwa kinaanguka, anakiinua.

Wingu la kwanza la maana lilionekana wiki ile. Na tanuri nalo likapasuka mdomo. Mdogo wangu akalazimika kwenda kumtafuta fundi wa matofali ya moto, upande wa pili wa mji na zaidi, asingerudi mpaka kesho yake. Akaniachia kuku aliyekwisha kukatwa.

"Fanya kama ninavyofanya mimi, kaka. Ndimu, saumu, tangawizi. Moto wa wastani. Usimwache peke yake na kabati."

"Kabati lina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwako."

"Nimesema tu."

Nikapika. Nilikwisha kupikia wanaume wenye njaa ya koleo na sururu, watu wanaokula bila kutazama, sasa nikawa napikia mwanamke asiyeona na bado akajua kila kitu. Kuku alikuwa ameloa, anateleza mkononi, akitua kwenye mafuta anatema na kunichoma. Ngozi ikashika kikaango ikabaki huko. Mchuzi ulikuwa maji, maji yenye harufu nzuri, sawa, lakini maji. Nikapakua, nikamshika mkono nikamwelekeza kwenye kijiko.

Akaonja. Akatafuna. Akafikiri.

"Shemeji," akasema, "huyu kuku ameoga tu, hajapikwa."

"Ule au usile, mimi nimemaliza."

"Nitamla. Nimeshaolewa kwenye ukoo huu, nifanyeje?"

Akala wote. Asubuhi Nesi akaja, akatoboa, akasubiri. Akakigeuza kimashine. Akakigonga kwenye kiganja, akatoboa kidole kingine.

"Jana ulikula nini?"

"Kuku wa huyu. Aibu tupu."

"Basi endelea na aibu hiyo hiyo," Nesi akasema, "maana imeshuka."

Shemeji alinyoosha shingo kunitafuta na yale macho yake. Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi, najiona kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui ni cha nani.

Mdogo wangu aliporudi na fundi alipewa habari kabla hajavua kofia. Akafurahi mpaka akakaa chini.

"Unaona!" akasema. "Si nilisema? Tangu niweke kufuli!"

Niliangalia uso wa shemeji ukifungwa. Si kwa hasira. Ulifungwa tu, kama duka.

Mchana akaingia jikoni na kuku wake. Nami nikavuta kigoda nikakaa kwenye kona, nikasema magoti yanauma. Ni kweli yalikuwa yanauma, lakini hayakuwa yameniambia nikae pale.

Sasa nitasema nilichokiona kama nilivyokiona. Mlangoni mwa jikoni, kwenye kirafu cha usawa wa kiuno, kuna kopo la unga. Limekuwepo tangu nyumba ijengwe, hakuna anayeliona tena, kama vile mtu haoni pua yake. Mwokaji hakaushi mikono kwa kitambaa. Kitambaa kinaacha majimaji, na majimaji ndiyo adui wa donge, linanata, linamng'ang'ania. Mwokaji akiwa na mkono umelowa anautia kwenye unga, anaupiga juu ya mwenzake, basi, umekauka. Anafanya hivyo kutoka alfajiri, kila anapogusa maji, kama wewe unavyopepesa macho.

Mdogo wangu akaosha kuku. Mikono ikalowa. Mkono ukaenda kwenye kopo, peke yake, huku yeye akinisimulia ujeuri wa fundi wa tanuri. Ukarudi mweupe ukashika paja la kuku, ukalipapasa huku na huku. Akakamua ndimu, mikono ikalowa, kopo. Akaponda saumu; kopo. Kila kipande alikishika na mikono iliyotoka kwenye kopo, na kila kipande kilitoka mkononi kikiwa kimevaa. Kikaango kikalia vizuri, hakikutema. Ngozi ikaanza ile rangi yake. Alipotoa kuku, kikaangoni kukabaki mafuta na maji ya kuku yanachemka, na yeye akasimama juu yake akapiga makofi, *pa, pa, pa*, ya kumaliza kazi, kama anavyopiga juu ya meza kila asubuhi mikate ikiingia motoni. Wingu jeupe likashuka taratibu sana, likaingia kikaangoni. Akakoroga. Mchuzi ukaanza kutembea polepole.

Wakati wote huo alikuwa hajaangalia mikono yake hata mara moja.

"Mdogo wangu," nikasema. "Humo unatia nini?"

"Si unaona? Kuku, ndimu, saumu, tangawizi, pilipili manga, chumvi."

"Na unga?"

"Unga wa nini? Wewe umeanza kuzeeka vibaya. Huyu kuku hana unga, ndiyo maana yake nzima."

"Kopo lile nani analijaza?"

"Mimi."

"Unga wake unakwenda wapi?"

Akafungua mdomo. Akaangalia kopo. Halafu akateremsha macho, kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mpaka yakafika mikononi.

"Huu si unga," akasema. "Huu... nakausha mikono tu, kaka."

Kikaango kilikuwa kinaungua. Nikainuka nikakitoa motoni. Yeye alikaa pale pale sakafuni, mgongo kwenye gunia, mikono ameishika mbali na mwili kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwachia amshikie.

"Nimemlisha mkate mimi mwenyewe," akasema. "Kwa kijiko. Halafu nimemfungia kabati."

"Ndivyo."

"Usimwambie. Nitaacha kimya kimya, sukari itashuka, yeye ataona, yataisha. Kuna haja gani ya kumwambia?"

"Haja ipo," nikamwambia. "Mkeo halali. Anaamini anaamka usingizini anaiba. Anakaa kwenye kile kiti anapigana na kope zake, anaogopa miguu yake mwenyewe. Ukinyamaza, jicho litapona, hiyo hofu itabaki humo ndani. Mimi naweza kumwambia, lakini kufuli sikuliweka mimi."

Akainuka. Mkono ukaenda kwenye kopo, mazoea, akaushtukia ukiwa njiani, akaurudisha. Akaenda sebuleni hivyo hivyo.

Nilibaki jikoni lakini mlango ulikuwa wazi, na sitajifanya nilikuwa nimeziba masikio. Alipiga magoti mbele ya kiti. Alimwambia yote, bila mpangilio, kopo, makofi, kitambaa, tanuri, mpaka nikahofia shemeji hataelewa. Akaelewa. Nilimsikia yule mtu wa nyundo tena, huko mbali.

"Nipe mikono," shemeji akasema.

Akampa. Akainusa, kiganja hiki, kiganja kile. Akapitisha kidole gumba kati ya vidole vyake, polepole, kama anayesoma.

"Niliwaambia sikula," akasema.

"Uliniambia."

"Nilikwambia na ukaenda kununua kufuli."

"Nisamehe, mke wangu."

"Bado. Nesi akija utamwambia wewe. Mbele yangu. Uanze na neno langu, kwamba sikula. Kusamehe kutafuata nyuma yake, kukiwa na nafasi." Akaegemeza kichwa kitini. "Sasa niache nilale. Mwenzenu nimechoka."

Akalala pale pale kitini, mikono ya mumewe ikiwa bado ndani ya yake, usingizi mzito wenye mkoromo, na mdogo wangu akakaa kwa magoti mpaka yakafa ganzi, hakuthubutu kujitoa.

Nesi alipokuja mwokaji alisimama wima.

"Mke wangu hakula mkate," akasema. "Alisema ukweli siku zote. Mkate ulikuwa mimi."

Nesi akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo sidhani kama alikuwa amelifanya kwa mtu yeyote. Akamgeukia shemeji.

"Mama, nami nisamehe. Nilikusema."

"Wewe nimekusamehe, ulikuwa na mashine. Huyu alikuwa na mimi ndani ya nyumba."

Kupika bila kopo kulimtesa mdogo wangu kuliko kujifunza tanuri. Nilimfungia kitambaa kiunoni, akawa anakitazama kama amefungwa mbuzi. Paja la kuku lilimponyoka likapita chini ya meza, likatoka uani, tukalifuata wote wawili tukipiga kelele, na shemeji sebuleni anauliza kama kuku amefufuka. Ngozi ilishika kikaango mpaka alipojua kuipangusa ikauke kabisa na kuiacha itulie kwenye mafuta bila kuichokoza. Mchuzi ukabaki maji, mpaka siku moja alipotoka tanurini na kibakuli, hakutaka kusema kuna nini, akakikorogea kikaangoni. Ukawa mzito. Niliangalia kopo, lilikuwa limeondoka kirafuni. Nikaonja, nikanyamaza, maana alikuwa ameweka kidole mdomoni.

Sukari ikashuka. Ikapanda kidogo, tukashtuka, ikashuka ikatulia. Mchana shemeji akawa analala kama mtoto, na akiamka ananisimulia: bado naota mkate, Kiguu, lakini sasa nakula bila wasiwasi, naomba na siagi. Daktari wa kuja na kuondoka alimpasua jicho la kulia huku radi zikiwa zimeanza kunguruma upande wa milimani. La kushoto alisema atalifanya akirudi.

Tulimrudisha nyumbani na kitambaa usoni, na siku Nesi alipokitoa mdogo wangu hakuweza kubaki sebuleni, alikimbilia jikoni. Shemeji alipepesa. Akaangalia dirisha, akaangalia redio, akanitazama mimi moja kwa moja usoni, akasema nimekonda. Alimkagua mumewe alipoingia na sahani, kutoka nyayo mpaka kichwani, taratibu sana, mpaka mwanamume mzima akaona haya akatazama pembeni.

Halafu akaangalia sahani. Kuku alikuwa pale, wa dhahabu kiasi chake, kabichi chini yake, na mchuzi ukizunguka.

"Huu mchuzi mbona wa kijivu?"

"Ndivyo ulivyo," mdogo wangu akasema.

"Una vimbegu."

Mdogo wangu akamsogezea kijiko.

"Baba, una vimbegu. Hivi ni vya nini?"

"Bilinganya. Naichoma tanurini mpaka inalainika, naiponda."

"Nimekula bilinganya? Mimi? Mama yangu mzazi alinipiga utoto mzima na hakuniweza!"

"Umekula kila siku. Ukapitisha na kidole."

Aliinama karibu na sahani, jicho lake jipya likiwa limekodoka, akakichunguza kile kitu cha kijivu kwa namna mtu anavyomchunguza mgeni aliyekwisha kukaa kwenye kiti chake. Akachota kijiko kimoja. Akakiinua mpaka mdomoni, akasita, akakishusha. Akatuangalia, mmoja mmoja.

Kisha akafumba macho, akala.